Visima Kumi na Viwili, Miezi Kumi na Miwili

Kaloleni, Voi
Jumamosi, saa nane mchana

Wakesho mama,

Barua za kwetu huanza kwa kumuuliza mtu kama hajambo. Hii haiwezi kuanza hivyo. Hali yako naijua, na pale isipokamilika najua ni nani aliyeipunguza. Isome hadi mwisho. Ukitaka kuichana, ichane baada ya kufika kwenye jina langu, si kabla.

Wewe na mama yako mmepanda Werugha kumuaga bibi, na mtarudi jioni na gari la mwisho. Nyumba imenyamaza. Sanduku lako liko hapa sebuleni, limefungwa kamba kwa sababu zipu imekataa kazi, na mimi nina saa kama nne za kuwa mtu mkweli. Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki. Hayo mama yako ameyasema mara nne, na bibi yako anayasema mara ya tano sasa hivi. Mimi nataka kukuambia habari ya meno yako.

Najua neno hilo hatulitaji humu ndani. Nimeiona picha uliyopiga kwa ajili ya kitambulisho cha chuo, midomo umeibana kama fundi cherehani aliyeshika pini. Tangu darasa la tano sijakuona ukicheka bila kiganja mdomoni, na sisi wazazi tumejifanya kuwa hizo ni haya za msichana aliyelelewa vizuri. Wageni wakakusifu kwa hilo. Nami nikaitikia, "Ndiyo, ana adabu."

Lakini kabla ya meno, mayai.

Unakumbuka likizo ile ya kidato cha tatu, uliponiomba nikufundishe lugha yangu ya kompyuta, "ile lugha ya baba ya alama alama"? Nilifurahi nikashindwa kuficha. Miaka yote nimefundisha hesabu watoto wa watu wakipiga miayo, na sasa wa kwangu anaomba mwenyewe. Nilichukua trei ya mayai jikoni, mama yako akaniahidi maneno iwapo hata moja lingevunjika, nikaiweka mbele yako mezani.

Nikakuambia: yai moja ni namba moja. Halina mstari wala jedwali, daraja lake ni sifuri. Mayai sita yaliyopangwa ni orodha, daraja la kwanza. Trei yenyewe, mistari mitano ya mayai sita sita, ni jedwali, daraja la pili. Trei zikipandishwa moja juu ya nyingine kama kwa muuzaji sokoni, hilo ni daraja la tatu, na unaweza kuendelea mpaka kichwa kikuume. Kila kipande unachoweza kukitenga na kukishughulikia kama kitu kimoja, yai, au mstari, au trei, tunakiita seli. Na utamu wa lugha hii ni kwamba huiamrishi kompyuta iende yai baada ya yai kama mtu anayeokota mahindi yaliyomwagika. Unasema "jumlisha" mara moja tu, na trei nzima inatii.

Ukaniuliza, "Sasa baba, ukiiambia ijumlishe, inashika nini? Inashika yai ama inashika mstari?"

Nilitaka kukukumbatia. Wapo watu wazima waliotumia lugha hiyo miaka mingi bila kuuliza swali hilo. Nikakuambia kuwa hapo ndipo penye kazi yote. Usipoiambia ishike nini, inashika kitu kizima ulichoipa. Inachukua mstari wa kwanza, inaulaza juu ya wa pili, na wa tatu juu yake, hadi yote imelaliana ikawa mstari mmoja. Trei ya mistari mitano ya sita sita inakurudishia namba sita, si tano. Ukitaka kila mstari uhesabiwe peke yake, lazima useme: shika seli za daraja la kwanza, mstari mmoja mmoja. Kusema hivyo ni kuandika alama ya nukuu na namba moja. Vibonyezo viwili. Nilikuambia nikicheka kwamba tofauti ya mwalimu na mwanafunzi ni vibonyezo hivyo viwili.

Halafu nikafungua faili ya zamani ili nikuoneshe kazi ya kweli. Hapo ndipo dunia yangu ilipopinduka, na wewe hukujua. Ili ujue, inabidi nikupeleke kwanza Mata, kule upande wa Taveta, mwaka uliotangulia kuzaliwa kwako.

Mata ya wakati ule ilikuwa imechimbiwa visima kumi na viwili na mradi mmoja wa maji. Kwa miezi kumi na miwili walichota maji ya kila kisima na kuyapeleka maabara kupima floraidi. Hii ni chumvichumvi inayotoka kwenye mawe. Ikiwa kidogo inasaidia meno, ikizidi inayaharibu meno ya mtoto yangali ndani ya ufizi, na mifupa pia. Sharti la mradi lilikuwa moja: kisima ambacho wastani wake wa mwaka umezidi kiwango, kifungwe. Wakatafuta mtu wa kuwapigia hesabu, na kijana mmoja mwalimu, mwenye kiburi cha kutosha watu watatu, akasema lete.

Lugha ile nilikuwa nimefundishwa na Mzee Mwadime, aliyefanya kazi ya bima Nairobi maisha yake yote, akastaafu, akawa anakaa nami benchi moja kanisani hapa Voi. Alinipa mambo mawili pamoja na programu yenyewe. La kwanza: "Mwalimu, usiamini jibu kabla hujaliuliza umbo lake." Yaani uiulize kompyuta, hili jibu lina mistari mingapi, lina namba ngapi. La pili: "Kabla ya kazi ya watu, jaribu na jedwali dogo, mistari miwili yenye namba tatu tatu. Jedwali la mraba litakufanya mjinga."

La kwanza nililitii. La pili niliona ni la wanafunzi.

Karani wa mradi alikuwa na kikokotoo na daftari, akasema kazi itamchukua siku mbili. Nilimcheka. Nikaingiza namba, kila mstari kisima kimoja, kila namba mwezi mmoja, nikaandika amri ya wastani kwa alama chache tu, nikabonyeza. Zikaja namba. Nikauliza umbo, ikanijibu: kumi na mbili. Visima kumi na viwili, majibu kumi na mawili. Zote zilikuwa chini ya kiwango. Nikaandika kwa kalamu nzuri kwamba visima vyote ni salama, nikaweka sahihi, nikaenda kunywa soda.

Umeshaona, sivyo? Wewe uliona kwa dakika mbili.

Vibonyezo viwili sikuviandika. Kompyuta ikafanya kile ambacho hufanya isipoambiwa. Ilivilaza visima vyote kumi na viwili kimoja juu ya kingine, ikanipa wastani wa Januari wa visima vyote, wastani wa Februari wa visima vyote, hadi Desemba. Zile namba kumi na mbili hazikuwa visima. Zilikuwa miezi. Kama visima vingekuwa kumi na kimoja, au kama wangepima miezi tisa, umbo lingekataa na mimi ningeshtuka. Lakini jedwali lilikuwa la mraba, kama Mzee alivyosema, na likanifanya mjinga.

Chukua vikombe kumi na viwili vya chai, kimoja ukitie kijiko kizima cha chumvi. Vimimine vyote kwenye sufuria moja, koroga, onja. Utasema chai haina neno. Lakini hakuna anayekunywa sufuria. Kila mtu anakunywa kikombe chake, na kuna mmoja anayekunywa kile.

Kikombe chenyewe kilikuwa kisima cha saba. Kinachonimaliza ni kwamba mtoto wa darasa la nne angeusoma mstari wa saba kwa macho matupu, angeona namba zake zimezidi kuliko zote, mwezi baada ya mwezi. Sikuusoma. Ningeusoma wa nini, na programu ninayo?

Wewe ulizaliwa, na ulipokuwa na miezi sita nikahamishiwa shule ya upande ule ule wa Taveta. Mama yako alitaka ukae Werugha. Alisema kule kwao maji yanatoka kwenye mwamba, baridi, na mtoto atapata maziwa ya nyumbani. Nilimwambia mtoto hukaa alipo baba yake, na kuhusu maji asinifundishe. Nikakodi nyumba Mata, na nikaichagua hiyo kwa sababu ilikuwa hatua chache kutoka kisima cha saba. Nilijivunia ujirani huo. Nilikuwa nikiwaambia wageni, "Kunyweni, hayo niliyahesabu mwenyewe." Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichota janga kwa ndoo, nikalichemsha, nikakupozea kwa kupuliza.

Ulipokaribia miaka mitano, Mama Kasyoka, jirani yetu aliyekulea mama yako akiwa shambani, alikuja kusimama mlangoni na mjukuu wake Mutua mkononi. Namkumbuka na kanga yake ya njano.

"Mwalimu, hii maji iko na kitu," akasema. "Angalia meno ya huyu. Na miguu, si unaona vile inaenda nje?"

"Mama, hiyo maji ilipimwa mwaka mzima," nikamwambia. "Mpe mtoto maziwa."

"Maziwa anakunywa."

"Basi mpe mboga."

Akaniangalia kidogo. "Wewe ndio umesoma," akasema, akaondoka. Watu wa hapo walikuwa wameanza kuzungumza juu ya kurudi kwenye kisima cha mbali, cha tatu. Mimi niliwatuliza. Niliwatuliza barazani, mbele ya chifu, nikiwa nimevaa tai.

Sasa meno yako. Ya utoto yalidondoka, ya ukubwa yakatoka na madoadoa meupe, kisha ya kahawia, kama ukuta uliopigwa na mvua. Nilisema hupigi mswaki. Nilikusimamisha uani asubuhi na jioni, chumvi na unga wa mkaa, nikahesabu hadi mia mbili huku ukisugua. Ufizi ulitoka damu ukatema nyekundu kwenye mchanga, na mimi nikasema, "Bado." Ulikuwa na miaka saba. Hukulia. Ulinitazama tu kwa macho yale ya mtu anayejua hajakosa na hana pa kulalamikia. Wakesho, hilo likinijia darasani naacha chaki na kutoka nje.

Tuliporudi Voi, mama yako alikupeleka kwa mama mmoja daktari wa meno, nami nikafuata. Aliangalia mara moja tu akauliza, "Mlikuwa mnaishi wapi? Hii ni maji." Nilibishana naye. Nilimwambia maji yale nilihesabu mimi, na kama ana shaka alete hesabu yake. Yule mama akaandika kitu kwenye kadi, na mama yako hakuniambia neno njia nzima. Nadhani siku ile alijua. Hajawahi kunisema, na ningependa anigombeze kuliko kunyamaza kule.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye ile trei ya mayai. Nilifungua jedwali la visima nikuoneshe kazi kubwa ya baba yako kwa mstari mmoja wa alama. Namba kumi na mbili zikatokea. Ukazitazama, ukaitazama amri, ukasema, "Baba, hizi kumi na mbili ni visima ama ni miezi?"

"Ni visima," nikasema.

"Lakini hujaandika ile nukuu na moja."

Nilikuambia betri imeisha. Nikafunga kompyuta, nikachukua trei ya mayai kurudisha jikoni, nikaigonga kwenye mlango nikavunja mawili. Mama yako alipiga kelele kama alivyoahidi. Wewe ulicheka, kiganja mdomoni, na mimi nikasimama pale na uteute wa mayai vidoleni nikijua kwa nini kile kiganja kiko pale.

Nilipobaki peke yangu niliviandika vile vibonyezo viwili. Namba kumi na moja zilikuwa ndogo. Ya saba ilisimama peke yake, na ilikuwa imesimama hapo miaka yote ikinisubiri.

Ungedhani siku ya pili nilipanda gari kwenda Mata. Nilikwenda baada ya miezi minne. Ofisi ya mradi ilishafungwa zamani, sasa ni duka la mbegu. Kisima cha saba kipo, wamekitia mpini mpya, na wasichana walikuwa wamepanga foleni na mitungi. Mama Kasyoka alifurahi kuniona hadi akaimba. Alimwita Mutua alete chai. Kijana mkubwa sasa, rika lako, anatembea na fimbo, magoti yameachana, na alivuka ule uwanja na bilauri mbili katika mkono mmoja akitabasamu kwa meno kama yako, ila yeye hafichi. Chai ile ilitoka kisima kipi, hakuna haja ya kukuambia.

Nikainywa. Tuliongea habari za mvua, bei ya nyanya, ndovu walioingia shambani. Kila nilipofungua mdomo nilisema jambo lingine. Nilipoaga, akanifungia ndizi kwenye mfuko, akasema, "Mwalimu, wewe hukutusahau." Nikarudi Voi na zile ndizi, nanyi mkazila.

Hiyo ni miaka miwili karibu. Kosa la kwanza lilikuwa la mtu mwenye kiburi asiyejua. Hili la pili ni la mtu anayejua, na kila asubuhi ya miaka hiyo miwili kuna mtoto aliyechotewa maji pale. Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki. Ya kwangu hata hayakumwagika. Yalinyweka yote, yamo ndani ya mifupa ya watu, na sioni njia yoyote ya kuyatoa. Meno yako siwezi kuyarudisha. Miguu ya Mutua siwezi kuinyoosha. Nimejaribu kuomba, na ninapoanza nasikia ninavyojitetea hata mbele za Mungu, naacha.

Sasa unakwenda Eldoret kusomea takwimu, na watu wananipongeza: amefuata baba. Nimetaka mara nyingi kukuambia usifuate. Lakini wewe uliuliza inashika nini, na uliuliza tena ulipojibiwa na mtu mzima. Mimi sikuwahi kuuliza. Ningekuwa na ushauri, ungekuwa huo tu, na si wangu, umetoka kwako.

Sikuombi msamaha, maana ungenipa haraka, nakujua, na ungenipa ukiwa umefunika mdomo. Kaa na hasira kadiri utakavyo. Kesho asubuhi nitakubebea sanduku hadi stendi, utaniona nimenyamaza, na utadhani ni uchungu wa kukuaga. Utakuwepo huo pia.

Kwenye mfuko wa ndani wa sanduku, chini ya blanketi, utaikuta barua hii pamoja na flash. Ina jedwali lile lile na amri mbili, ile niliyoandika kijana na ile iliyokamilika. Nimeiweka ili usinichukulie kwa maneno tu. Iendeshe ya pili, soma ya saba, kisha usome mstari wake wote kwa macho, namba moja moja.

Utakapokuwa unaisoma, nitakuwa Mata. Mama Kasyoka ataniambia karibu mwalimu, atamwita Mutua. Safari hii nitasema kabla sufuria haijapanda jikoni. Nitamwambia alikuwa na haki siku ile mlangoni, na kwamba yule aliyesoma hakusoma. Kisha nitaenda kwa chifu kusema vilevile barazani. Sitarajii kitu. Wengine watacheka, wengine watauliza basi tunywe nini, na sina jibu la kuwapa ila kisima cha tatu, kilicho mbali.

Na wakishanisikia, kama bado atakuwepo wa kunipa chai, nitainywa hadi chini, maana ni maji niliyowaambia ni salama.

Mwakio, baba yako